Muda wa Maji Kurejea

Machi tulimpoteza katika dakika ya ishirini na tatu.
Si yeye: picha. Mkono wa kushoto ulianza kupigapiga
kama kuku aliyechinjwa, nikabonyeza, kitanda kikatoka,
na kwenye kioo changu ubongo wa Ezaru
ulikuwa na vivuli vinne, kama hati iliyonyeshewa.

Leo ni Juni. Arua imeamka bila umeme.
Jenereta inakohoa nyuma ya chumba cha kufulia,
na Adriko wa stoo ameniambia, bila kunitazama,
dizeli ni ya saa moja. Foleni ina watu saba.
Zamani ningepiga hesabu, nikachagua mmoja.
Leo nina njia mpya: dakika sita kwa kichwa.

Ezaru anavua hereni, anavua pete,
anavua rozari, anacheka: "Nimebaki mimi tu."
Kwao Terego ana mizinga thelathini na mmoja.
Namwonya kwamba mashine itapiga kelele. Anasema,
"Nimetia mkono gizani penye kelele kuliko hizo,
na zile zilikuwa na miiba."
Nakibana kichwa kwa sifongo. Nampa kipira cha kengele
mkono wa kulia, ule ambao bado unamtii.

Nielezeje kinachotendeka humo?
Mwili ni maji, na maji yana utiifu wake:
sumaku ikiita, yanasimama mstari mmoja.
Tunayasukuma, yanalala ubavu,
kisha tunayaacha, tunasikiliza
yatachukua muda gani kurejea.
Maji ya nyama nzima hurudi upesi, yana kwao.
Maji ya uvimbe huzurura njiani.

Picha ya zamani ilinipa weupe na weusi tu.
Nyeupe, sawa, lakini nyeupe kuliko nini?
Ya Arua haikufanana na ya Kampala,
na madaktari wawili waliweza kubishania kijivu
hadi chai ikapoa.
Hii inanipa namba. Kila nukta na namba yake.

Ezaru alilielewa hilo kabla sijamaliza.
"Kama asali," alisema. Mnunuzi mjinga hutazama rangi:
nyeusi, anadai imeungua; ya dhahabu, anaisifu.
Yeye huweka tone kwenye kipima-maji,
hufumba jicho moja, hukielekeza juani.
Kumi na nane kwa mia: itakaa miaka.
Ishirini na tatu: itachacha, hata ikimeta vipi.

Dakika ya kwanza. Ya tatu. Taa inafifia,
jenereta inavuta pumzi, nami pamoja nayo.
Ya tano. Vidole vya kushoto vinachezacheza.
Msianze, navinong'oneza huku nyuma ya kioo,
bado kidogo, msianze.
Sita.

Ramani inajaa. Hapa mia sita na kitu, shwari.
Hapa, juu ya sikio la kulia, weupe umetanuka
kuliko ule wa Aprili, na tumbo langu linakaza.
Lakini Aprili, Kampala, kwa njia hii hii, kabla ya mionzi,
namba ilikuwa elfu moja mia nne na kumi.
Leo ni elfu moja mia mbili na sitini.
Huenda ni kidonda cha mionzi tu.
Huenda uvimbe umekaa chini kupumzika.
Daktari Nassolo, kwenye simu, ananyamaza kwanza.
"Usimpe furaha," anasema, "wala usimnyime.
Mwambie arudi Agosti."

Ezaru anarudisha pete. Haulizi kama atapona.
Anauliza, "Namba ni ngapi?"
Si kazi yangu kusema. Namtajia.
Anatoa daftari lake la mizinga, pembe zake zina nta,
na chini ya mzinga wa thelathini na moja
anaongeza mstari, anaandika: 32.
Anaandika namba. Kando yake
anaacha nafasi, upana wa kidole.

Mlangoni mtu wa pili ameshavua mkanda,
anaishikilia suruali yake kwa mikono miwili.